Mama Daktari Anajibu: Napanda Kilimanjaro, iweje mishipa ya moyo iwe na mafuta?

Barua za mwezi huu nimezisoma barazani kwangu hapa Rau, masika yakigonga bati hadi redio haisikiki. Nyingi ni fupi. Moja ni ndefu, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari pande zote mbili, na hiyo ndiyo itakayokula nafasi kubwa leo. Wenye maswali ya vidonda vya tumbo mnisubiri toleo lijalo.

Shikamoo Daktari. Nina miaka 52, naishi Marangu. Mlima nilianza 1996 nikiwa mgumu, nabeba mizigo ya wageni, na sasa naongoza. Kileleni nimefika mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu. Kitambi sina. Sigara nilivuta miaka ishirini na miwili, nikaacha 2019. Mwezi wa kwanza mwenzangu aliamka kambini akilalamika kifua, tukamteremsha kwa machela, akatufia njiani. Binti yangu yuko Nairobi, akaogopa, akanilipia nikapimwe moyo kwa CT, ile mashine ya picha za mionzi. Majibu yanasema hivi: alama ya chokaa 41. Kwenye mshipa mkubwa wa mbele, kushoto, kuna utando laini wenye mafuta, vitone vya chokaa, na mshipa umetanuka kuelekea nje. Njia imebana asilimia 35. Presha siku ile ilikuwa 152/94, mafuta mabaya (LDL) 4.1. Nikaambiwa sihitaji stenti (kile kijibomba cha kutanua mshipa), nikapewa atovastatini na dawa ya presha. Wenzangu wananicheka, wanasema njia bado iko wazi asilimia 65, unaogopa nini. Vidonge niliviacha vyote baada ya wiki mbili, mapaja yalikuwa yanauma na mmoja akaniambia vinaua ini. Baba alifariki na miaka 54, alianguka akichuma kahawa, ukoo ukasema ni mkono wa mtu. Maswali yangu: mtu anayepanda mlima anapataje mafuta kwenye mishipa? Na wageni wa mwezi wa sita niwapandishe au nisiwapandishe?
*Mwongoza wageni, Marangu*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mwenzako.

Nianze na hao wanaokucheka, maana kosa lao hata baadhi yetu wenye makoti meupe tulilifanya kwa miaka mingi. Wanautazama mshipa wa moyo kama mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba: maji yanapita au hayapiti. Wewe umekulia Marangu, mfongo unaujua. Unapojaa tope kidogo kidogo, mwenye kihamba (shamba la nyumbani) anaona migomba ya chini inanyauka, anachukua jembe, anazibua. Mshipa uliobana asilimia 80 ndivyo unavyofanya. Ukipanda kilima kifua kinabana, ukisimama kinaachia. Unakutumia taarifa. Lakini kuna mfongo unaopitisha maji vizuri tu jioni, usiku ngema ikamomonyoka, na asubuhi hakuna hata tone. Utando wako uko kwenye kundi hilo, na ndiyo maana hiyo 35 hainifurahishi kama inavyowafurahisha wenzako.

Watu hudhani mafuta hushika ndani ya mshipa kama ukoko kwenye sufuria. Sivyo. Yanapenya na kukaa ndani ya ukuta wenyewe. Askari wa mwili wanayafuata kuyala, wanashiba, wanafia humohumo, na baada ya miaka panabaki kitu kama uji mzito uliofunikwa kwa ngozi. Si tamathali yangu hiyo: jina la kitaalamu la ugonjwa huu limetokana na neno la Wagiriki wa kale lenye maana ya uji. (Wangekuwa Wachaga wangesema mtori.) Ngozi ikiwa nene, uji unatulia. Ikiwa nyembamba kama unywele, ni jipu lililoiva. Linasubiri siku presha imepanda, au umekasirika, au umebeba kitu kizito, lipasuke. Likipasuka, mwili unaona kidonda na unafanya unachofanya kwenye kila kidonda: unagandisha damu. Donge hilo ndilo linaloziba mshipa ndani ya dakika chache. Mshipa uliokuwa wazi asilimia 65 saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili na nusu umefungwa wote.

Sasa chukua ripoti yako tuisome pamoja. "Utando laini wenye mafuta" ni ule uji. Kwenye CT unaonekana mweusi-mweusi kwa sababu mafuta ni mepesi. "Vitone vya chokaa" ni punje ndogo za chokaa zisizofika milimita tatu, tofauti na bamba kubwa gumu ambalo mara nyingi huwa tulivu zaidi. Na "mshipa umetanuka kuelekea nje" ndilo neno lililowadanganya wenzako. Ukuta ukijaa uji, mshipa hujitanua ili njia ya damu isibanwe. Daktari mmoja Mmarekani, Seymour Glagov, alilionyesha hilo mwaka 1987 kwenye mioyo ya marehemu: njia haikuanza kubana mpaka utando uwe umechukua kama asilimia 40 ya eneo la mshipa. Kwa hiyo asilimia 35 yako ni ya njia. Mzigo ulioko ukutani ni mkubwa kuliko namba hiyo. Dalili za utando hatari tunazozitafuta kwenye CT ni nne, na wewe unazo tatu. Ya nne, ile ya duara linalong'aa pembeni kama pete, haikuandikwa.

Uskoti waliwafuata watu 1,769 waliopimwa CT kwa sababu ya maumivu ya kifua, kwa karibu miaka mitano. Matokeo yalitoka 2020. Waliokuwa na uji huo mwingi, zaidi ya asilimia 4 ya ujazo wa mshipa, walipata mshtuko wa moyo karibu mara tano ya wengine. Kilichotabiri vizuri kuliko vyote ni wingi wa uji huo. Kubana kwa njia na alama ya chokaa vilikuja nyuma yake. Lakini usiisome hiyo "mara tano" kama hukumu ya kifo. Kati ya watu wote hao, waliopata mshtuko walikuwa 41. Ripoti yako ni onyo, nawe umelipata ukiwa umesimama kwa miguu yako. Baba yako hakulipata.

Unauliza mpanda mlima anapataje mafuta. Mwaka 2004 ulitoka utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 52, ukiongozwa na Salim Yusuf wa Kanada. Waliorodhesha mambo tisa: sigara, mafuta ya damu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, kukosa matunda na mboga, pombe na kutofanya mazoezi. Tisa hayo yalibeba kama asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa kwanza kwa wanaume, na 94 kwa wanawake, na picha ikawa karibu ileile kila bara. Mlima umekukinga kwenye mazoezi na kitambi. Hilo ni jambo kubwa, wala usiliache. Lakini mlima hauwezi kukulipia madeni mengine. Miaka 22 ya sigara ni deni. LDL 4.1 ni deni. Presha ya 152/94 ni deni, na nina hakika haikuanza siku ile Nairobi, ila ndiyo siku ya kwanza mtu alikufunga kitambaa mkononi. Hauko peke yako: uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu watu 26 kati ya 100 wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na wengi wao hawakujua.

Halafu kuna baba. Sitaki ugomvi na wazee wa ukoo wako, msiba una maneno yake na mimi nimekaa matanga mengi nikanyamaza. Ila kitabibu, mwanamume aliyekufa kwa moyo kabla ya kufika miaka 55, au mwanamke kabla ya 65, anahesabiwa kuwa alama ya hatari kwa watoto wake. Mtu wa miaka 54 aliyekuwa mzima asubuhi akaanguka kwenye mibuni mchana, kwangu mimi ni moyo hadi nithibitishiwe vingine. Una ndugu wangapi wa baba mmoja? Wote waliovuka 40 wapimwe presha, sukari na mafuta mwezi huu. CT hawaihitaji kwa sasa. Mkikutana Desemba, wa Dar wanapopanda nyumbani na mbuzi anapochinjwa, mtakuwa na la kuzungumza mbali na mpaka wa kihamba.

Vidonge. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Huhitaji stenti kweli, aliyekuambia hivyo alisema sawa. Stenti inatanua palipobana, na kwako hakuna cha kutanua. Hata waliobanwa zaidi yako lakini wametulia, utafiti wa watu 5,179 uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kuwakimbizia stenti au upasuaji hakukupunguza vifo kuliko dawa nzuri pekee. Lakini elewa maana yake: dawa ndiyo matibabu yako. Si kitu cha kushikia nafasi wakati matibabu yenyewe yanasubiriwa. Statini, kundi la hiyo atovastatini yako, inapunguza mafuta yanayoingia ukutani, inatuliza wale askari, na ngozi ya utando inanenepa. Kila LDL inaposhuka kwa 1, hatari ya mshtuko na kiharusi inapungua kwa kama moja ya tano. Wewe uko 4.1. Nataka chini ya 1.8, na ikifika chini ya 1.4 nitafurahi zaidi. Na uji ukikauka hugeuka chokaa, kwa hiyo ukirudia kipimo miaka ijayo ukakuta alama ya chokaa imepanda kutoka 41, usinipigie simu usiku ukilia. Kwa anayemeza statini hiyo inaweza kuwa habari njema.

Kuhusu mapaja. Mdogo wangu, mapaja ya mtu aliyeteremka kutoka Kibo hadi geti la Marangu hayahitaji statini ili yaume. Sikatai kwamba dawa hii huwaumiza misuli watu wachache, na mkojo ukiwa wa rangi ya koka acha dawa ukimbilie hospitali siku hiyohiyo. Lakini Uingereza walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa miezi mingine statini, miezi mingine vidonge bandia, bila wao kujua kipi ni kipi, na miezi mingine bila kidonge chochote. Asilimia 90 ya shida walizozipata kwenye statini walizipata pia kwenye kidonge bandia. Ini kuharibika kweli ni nadra sana, linapimwa kwa damu, na kinachoua maini ya wanaume wa huku sote tunakijua kinauzwa kwa kata. Rudi kwa daktari, anza tena hata kwa dozi ndogo, na yakiuma kweli ubadilishiwe aina ya statini, zipo kadhaa. Damu irudiwe kupimwa baada ya wiki sita hadi nane. Ile ya presha hukuwa na sababu yoyote ya kuiacha, nayo uianze leo.

Na wageni wa mwezi wa sita? Uhuru ni mita 5,895, na hewa ya pale ina kama nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari. Moyo unakimbia hata umekaa. Ukiongeza baridi, usiku wa manane wa kupanda kileleni, na jukumu la watu kumi nyuma yako, mimi nisingekuruhusu na presha ya 152 isiyotibiwa na utando uliolegea. Najua msimu ndio ada ya shule. Basi tumia masika haya, mlima ukiwa hauna watu, kumeza dawa na kutembea tambarare kila siku. Mwishoni mwa Mei pima presha na LDL, halafu mwombe daktari wa moyo akupime kwa kukukimbiza kwenye mashine huku akiangalia umeme wa moyo. Vikiwa sawa mtazungumza yeye na wewe. Visipokuwa sawa, mwezi wa sita waongoze wageni hadi Mandara na maporomoko ya maji, mwenye mguu wa kilele awe kijana wako.

Kabla sijakuachia, jambo la dharura. Kifua kikibana kwa zaidi ya dakika kumi, kama mtu amekukalia, ikiwa na jasho la baridi au maumivu yanayokwenda taya au mkono: usinywe maji ya magadi, usisubiri gesi ishuke, usipande bodaboda ukiendesha mwenyewe. Tafuna aspirini ya miligramu 300 kama haikudhuru, na upelekwe moja kwa moja hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo. Zahanati ya jirani isiwe kituo cha kupoteza saa mbili. Dawa ya kuyeyusha donge ina faida ndani ya saa 12, na saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Huku kwetu kaskazini watafiti waliokaa idara ya dharura wamekuta wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo wakitibiwa vitu vingine kabisa. Kwa hiyo ukifika, taja mwenyewe: "Nina utando hatari kwenye mshipa wa mbele." Tembea na nakala ya ripoti.

Shikamoo Mama. Mimi ni mfanyabiashara wa mitumba Soko la Kilombero, Arusha, miaka 47. Walikuja watu na mashine ya kushika kirungu mkononi, dakika moja ikatoa kurasa 38. Ikasema mishipa ya moyo imeziba asilimia 60. Nimeuziwa dawa za lishe za laki mbili na themanini. Hospitali nilipima umeme wa moyo na eko, wakasema viko sawa. Nani mkweli? Niende nikapige CT? Mimba yangu ya 2004 nilipata kifafa cha mimba, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 6.4.
*Mama wa mitumba*

Marahaba mwanangu. Pole kwa hela. Kirungu hakioni mshipa. Hakuna mashine duniani inayoona mishipa ya moyo kupitia kiganja. Wangekupa kirungu hichohicho ukiwa umeshika kwa kitambaa kilicholowa, ungepata kurasa 38 nyingine.

Lakini na hospitali nako usielewe vibaya. Umeme wa moyo ukiwa umelala unaonyesha moyo unavyopiga sasa hivi na kama umeshaumia. Eko inaonyesha pampu na milango yake. Vyote viwili vinaweza kuwa safi kabisa na mishipa ikawa na utando. Kinachoona utando wenyewe ni CT, na ziko za namna mbili. Ya kwanza haina sindano, ni kuhesabu chokaa tu, kwa hesabu iliyoanzishwa na Arthur Agatston mwaka 1990: sifuri ni nzuri sana, kuvuka 100 ni kuanza dawa, kuvuka 400 ni mzigo mkubwa. Kasoro yake ni kwamba uji ambao haujashika chokaa hauhesabiwi, hasa kwa walio vijana. Ya pili unachomwa dawa ya rangi mshipani, unapewa kidonge cha kupunguza mapigo yafike kama 60, unashika pumzi sekunde chache, na picha inaonyesha njia na ukuta. Figo zipimwe kwanza. Ina mionzi na ina bei, kwa hiyo hatumpi kila mwenye hofu. Tunampa mwenye maumivu ya kifua yanayotia shaka.

Wewe hukusema una maumivu. Basi CT haina haraka, ila una mambo mawili ambayo wale wa kirungu hawakukuuliza. Kifafa cha mimba hakiishi na mimba. Presha ya mimba iliyofika huko huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye, takriban maradufu, na ni wakunga wachache wanaowaambia akina mama hivyo siku ya kutoka wodini. Na 6.4 bado si kisukari lakini iko mlangoni. Kapime presha siku tatu tofauti, mafuta ya damu kwa mafungu yake, na sukari ya miezi mitatu. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usitumie jicho la shoga yako. Kikivuka sentimita 80, tuanzie hapo. Na kukaa kwenye kiti cha mitumba kuanzia saa moja hadi jioni, ukila chipsi mayai za hapohapo, ni jambo la kuzungumza.

Nikwambie na la kwangu. Mwaka 1994, zamu ya usiku, hospitali sitaitaja, alikuja mwalimu wa kike wa miaka 49. Alisema ana kiungulia, anasikia kichefuchefu, amechoka "mpaka nywele zimechoka". Mashine ya umeme wa moyo ilikuwepo, karatasi zake zilikuwa zimeisha. Sikwenda kuzitafuta wodi nyingine. Nilimpa dawa ya tumbo ya maji, nikamwambia apunguze maharage. Alifia kwenye kiti cha daladala asubuhi akirudi nyumbani. Wanawake wengi wanapata maumivu ya kifua kama wanaume, lakini wengi wanakuja na uchovu, kichefuchefu, pumzi kukata, mgongo. Ukiyapata hayo kwa ghafla na jasho, usikubali kuambiwa ni tumbo kabla mtu hajakubandika zile waya kifuani.

Daktari, niko kwenye dawa tangu 2009, kadi yangu ya CTC (kliniki ya VVU) iko vizuri, virusi havionekani. Nina miaka 45. Nimesikia sisi tunapata moyo mapema. Ni kweli au ni maneno ya mtaani? Sivuti, presha 128/80.
*Wa Majengo, Moshi*

Ni kweli, na hongera kwa kadi. Wanaoishi na VVU wana hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kama mara mbili ya wengine, kwa sababu moto wa ndani kwa ndani hauzimiki wote hata virusi vikifichwa, na utando wao mara nyingi ni ule laini. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya watu 7,769 wenye VVU ambao hatari yao ya kawaida ilionekana ndogo au ya kati. Waliomeza pitavastatini walipata matukio makubwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 35 kuliko waliopewa kidonge bandia. Wauguzi wako wa CTC waulize waziwazi kuhusu statini. Usinunue mwenyewe dukani, maana simvastatini haipatani na baadhi ya ARV za mstari wa pili. Kama uko kwenye ile ya kidonge kimoja yenye dolutegravir, kikwazo hicho hakipo. Dawa zako za VVU usiziache kwa kuogopa moyo, kuziacha ndiko kunakoumiza moyo zaidi.

Je, kitunguu saumu, limao na tangawizi vikichemshwa vinazibua mishipa? Na parachichi lina mafuta, niliache? Niko Tengeru na nina miti minne.
*Mkulima*

Havizibui. Utando uko ndani ya ukuta, supu haiufikii. Ukipenda ladha yake kunywa, ila usiache dawa ya presha kwa ajili yake, na kama unameza dawa ya kulainisha damu mwambie daktari kuhusu hicho kitunguu kingi.

Parachichi kula. Mafuta yake mengi ni ya aina isiyopandisha LDL, ni afadhali mara kumi kuliko mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa siku nne. Nusu moja kwa siku kwenye ndizi zako inatosha, iwe badala ya kimbo, isiwe juu yake. Kijiko cha chumvi unachonyunyizia juu ndicho sikitaki, na magadi kwenye kiburu (ndizi na maharage) pia uyapunguze, nayo ni chumvi kwa jina jingine. Hiyo miti mingine mitatu, ikizidi, Rau hatuna parachichi mwaka huu.